Maziwa manane kwa betri moja: siku nzima ya baiskeli ya umeme Engadin

Engadin ya Juu iko kusini-mashariki mwa Uswisi. Ukitaka kuyazunguka maziwa yake kwa baiskeli ya umeme ya milimani, uliza habari za upepo kabla ya kuuliza habari za betri. Siku ya kiangazi yenye jua, kuanzia kama saa 5 asubuhi, upepo wa Maloja huteremka kutoka kipito cha Maloja na kuvuma kuelekea St. Moritz hadi jioni. Mabonde mengi ya Alps hufanya kinyume: mchana upepo hupanda kuelekea vilele. Hapa mambo yamegeuka kwa sababu bonde la Bregaglia, upande wa pili wa kipito, liko chini sana. Hewa yake ikipata joto hupanda na kumwagikia upande huu juu ya kipito chenye mita 1,815, na hakuna ukuta wa mlima wa kuizuia. Mtu wa pwani anayejua kutoka na umande na kurudi na matlai hahitaji maelezo zaidi. Asubuhi unakwenda Maloja maji yakiwa kioo, kisha unarudi upepo ukiwa kisogoni. Ukipindua mpango huo utakula mbisho wa kilomita 17, na betri italipa.

Njia nzima ni takriban kilomita 80, na jumla ya kupanda ni kama mita 1,000. Unaanzia kituo cha treni cha St. Moritz, ambacho kiko ukingoni mwa ziwa. Nusu ya kwanza inaelekea magharibi: Ziwa St. Moritz, Ziwa Champfèr, Ziwa Silvaplana na Ziwa Sils, hadi kijiji cha Maloja, halafu unarudi ulikotoka. Nusu ya pili inaelekea mashariki: unapita Lej da Staz msituni, unashuka Pontresina, unapanda bonde la Bernina kupita Lej Pitschen na Lej Nair, na kufika Lago Bianco kwenye mita 2,234. Kutoka hapo ni kuteremka hadi nyumbani.

Ziwa Sils liko mita 1,797 juu ya usawa wa bahari, karibu sawasawa na Nairobi. Anayeishi huko au Nakuru hatasumbuliwa na hewa, na hata kituo cha treni cha Ospizio Bernina, mahali pa juu kabisa pa njia hii, mita 2,253, kiko chini ya Iten. Anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Dubai apumzike huko siku moja au mbili kwanza. Baridi ndiyo itakayomshangaza kila mmoja. Alfajiri ya Julai kipimajoto kinaweza kushuka chini ya nyuzi 5, na kwenye kipito cha Bernina theluji huchelewa kuyeyuka. Msimu salama wa njia hii ni kuanzia katikati ya Juni, ukiwa umeuliza hali ya njia, hadi mwanzoni mwa Oktoba.

Baiskeli na betri

Usipange kuja na baiskeli yako kutoka Afrika Mashariki. Kanuni za usafiri wa anga haziruhusu betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 kwenye ndege ya abiria, na betri ya baiskeli hizi huwa na wati-saa 500 hadi 800. Kodi huko huko: maduka yako St. Moritz, Pontresina na vijiji vya jirani. Weka nafasi siku kadhaa kabla ukienda Julai au Agosti, na ichukue baiskeli jioni ya kuamkia safari, maana maduka hufungua ukiwa ulishapaswa kuwa njiani. Uswisi imo katika eneo la Schengen, kwa hiyo pasipoti nyingi za Afrika Mashariki zinahitaji viza ya eneo hilo.

Dukani omba baiskeli yenye mota ya katikati, ile iliyo kwenye pedali, yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 85 hivi. Iwe na betri ya wati-saa 625 au zaidi, shokomzoba mbele na nyuma, na breki za diski za milimita 200. Betri ya 500 inaweza kukufikisha, lakini utaendesha siku nzima macho yakiwa kwenye asilimia badala ya kwenye milima.

Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kuijua kwa sababu kile kioo cha kilomita zilizobaki hukisia kutokana na ulivyoendesha dakika chache zilizopita. Kwenye tambarare kitakuahidi kilomita 120. Ukianza kupanda kinakata ahadi katikati. Chukua mwendeshaji wa kilo 80, baiskeli ya kilo 24 na mkoba wa kilo 6, jumla kilo 110. Kuinua kilo 110 kwa mita 1,000 kunahitaji karibu wati-saa 300. Kwenye kiwango cha msaada cha kati mota hubeba zaidi kidogo ya nusu na miguu yako hubeba iliyobaki. Lakini robo hivi ya umeme unaotoka kwenye betri hupotea kama joto ndani ya mota, kwa hiyo kupanda mita 1,000 kunakula takriban wati-saa 220. Kilomita 60 za tambarare na vilima vidogo, kwa wati-saa 4 kila kilomita, zinakula 240. Jumla ni 460, na kwenye betri ya 625 unabakiwa na robo. Mwendeshaji huyo huyo akiacha kiwango cha juu kabisa siku nzima atahitaji zaidi ya 700, na atakwama mahali fulani kati ya kituo cha Morteratsch na kipito cha Bernina.

Kuteremka hakurudishi chaji. Mota za katikati za baiskeli hizi hazizalishi umeme kwenye mteremko, tofauti na gari la umeme, na wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

Kabla ya kuondoka dukani kagua mambo haya, na usione haya kumchelewesha mtu wa kaunta:

- Upepo wa tairi. Kwa tairi za inchi 29 zenye upana wa 2.4 hadi 2.6 zisizo na tyubu, na mtu wa kilo 80: bar 1.6 mbele na 1.8 nyuma. Duka hujaza hadi 2.5 ili wateja wasiharibu rimu. Kwa shinikizo hilo baiskeli itarukaruka kwenye mizizi na tairi ya nyuma itateleza ukipanda.
- Shokomzoba. Ukikaa na mkoba wako mgongoni, zizame asilimia 25 hadi 30 ya urefu wote zinaoweza kubonyea. Pampu ya shokomzoba ni tofauti na ya tairi, waombe wakufanyie.
- Pedi za breki. Kitambaa kikibaki chini ya milimita 1, zibadilishwe. Vuta lever (mkono wa breki): ikigusa usukani, breki ina hewa ndani. Usiondoke nayo.
- Kihisi cha mwendo. Tafuta kile kisumaku kidogo kwenye spoku, diski au rimu ya nyuma, uone kama kimekaa imara. Utajua sababu mbele.
- Taa. Tangu tarehe 1 Aprili 2022 kila baiskeli ya umeme Uswisi lazima iwashe taa hata mchana. Wenye umri wa miaka 14 na 15 wanahitaji leseni ya daraja M; kuanzia 16 baiskeli ya kilomita 25 kwa saa haihitaji leseni.
- Ufunguo wa betri. Hakikisha unao mfukoni. Bila huo hutaweza kuitoa betri kuichaji ndani ya mgahawa wala kuipunguzia baiskeli uzito kwenye treni.

Omba na chaja. Soketi za Uswisi zina matundu matatu ya mviringo na hupokea plagi nyembamba ya Ulaya ya pini mbili. Plagi ya Kenya, Tanzania au Uganda yenye pini tatu bapa haiingii, kwa hiyo chaja ya simu itahitaji adapta.

Mkobani weka tyubu moja ya inchi 29, plagi za kuzibia tairi zisizo na tyubu, pampu ndogo, spana za aleni za milimita 4, 5 na 6, na bisibisi ya nyota T25. Ongeza kiungo cha haraka cha cheni kinacholingana na idadi ya gia (za kisasa nyingi ni 12), kikata cheni na zipu tano za plastiki, zile kamba za kufungia. Lita moja na nusu ya maji inatosha, kwa sababu kila kijiji kina bomba la jiwe lenye maji ya kunywa. Bomba lisilofaa huandikwa «Kein Trinkwasser» au «Acqua non potabile». Nguo: shati la kukausha jasho, sweta jepesi, koti la mvua, glavu za vidole vyote, na glavu za pili kavu kwa ajili ya mteremko wa jioni. Watu hubeba chakula cha kulisha kikosi na kusahau glavu za pili.

Asubuhi: hadi Maloja

Ondoka saa 1:15. Zunguka Ziwa St. Moritz kwa upande wa kusini hadi St. Moritz Bad, kisha fuata vibao vyekundu vyenye alama ya baiskeli ya milimani kupitia msituni. Uswisi vibao vyekundu ni vya baiskeli, vya njano ni vya waenda kwa miguu. Mstari mweupe-mwekundu-mweupe uliopakwa kwenye mawe unaonyesha njia ya milimani ya watembeaji. Kutembea na kuendesha huchangia njia nyingi katika jimbo la Graubünden, isipokuwa pale kibao kinapokataza, na anayetembea ndiye mwenye haki siku zote. Punguza mwendo hadi wa kutembea, salimia «Grüezi» au «Allegra», pita. Kengele ipigwe mapema ukiwa mbali. Ikipigwa mgongoni mwa mtu ni tusi.

Weka kiwango cha chini, Eco kwa jina linaloandikwa kwenye mota za Bosch, kwa kilomita kumi za kwanza. Betri iliyolala kwenye baridi hutoa nguvu kidogo kuliko ile ile ikiwa na joto, na magoti yako yako vivyo hivyo. Ukingo wa kusini wa Ziwa Champfèr una kokoto ngumu na vilima vifupi. Ziwa hilo na Ziwa Silvaplana yako kimo kimoja, mita 1,791, yameunganishwa na mfereji mfupi. Kuanzia Surlej hadi Sils Maria njia ni pana na laini ukingoni mwa Silvaplana. Mchana ziwa hili hujaa matanga ya wapanda mawimbi kwa sababu ya upepo ule ule unaoukimbia wewe. Saa hizi ni kimya.

Kati ya Sils Maria na Isola kazi inabadilika. Njia inakuwa nyembamba, ina mizizi na mawe, na sehemu nyingine ukingo unaporomoka moja kwa moja ziwani. Shusha siti sentimita tano, kunja viwiko, tazama mita nne au tano mbele badala ya tairi. Kosa la kawaida kwenye mizizi yenye umande ni kukanyaga pedali kwa nguvu juu ya mzizi uliokaa mshazari: mota huongeza nguvu ghafla, tairi ya nyuma inateleza pembeni, na pembeni ni maji. Kanyaga kabla ya mzizi, juu yake acha baiskeli ipite yenyewe, kisha kanyaga tena. Pasipokupa imani, shuka na usukume. Kitufe cha kutembea husukuma baiskeli kwa mwendo usiozidi kilomita 6 kwa saa. Kutoka Isola barabara ya kokoto inakupeleka Maloja bila tabu.

Unapaswa kufika Maloja karibu saa 3 asubuhi ukiwa na asilimia 80 na kitu. Ukiwa chini ya 75, umetumia mota kupita kiasi au tairi zako hazina upepo wa kutosha, rekebisha sasa. Tazama upande wa Bregaglia, ambako barabara inajikunja kama nyoka kuelekea Casaccia. Wingu refu jembamba likitambaa juu ya kipito na kunyoosha shingo kuelekea Sils, wenyeji huliita nyoka wa Maloja, na hulichukulia kama dalili ya hali ya hewa kuharibika. Siku hiyo fikiria upya kuhusu Bernina ya alasiri.

Rudi kwa njia ile ile, usishawishike na barabara kuu ya upande wa kaskazini. Ni nyembamba na ina magari mengi. Watembeaji sasa wameamka, kwa hiyo kati ya Isola na Sils nenda taratibu. Baada ya Surlej, upepo ukianza, utajikuta unapita kilomita 25 kwa saa bila kutambua. Hapo mota hujizima kwa sheria, na betri haiguswi kabisa.

Pontresina: saa moja ya umeme

Kutoka St. Moritz panda msituni hadi Lej da Staz, mita 1,809, ziwa dogo lililozungukwa na misonobari na lenye maji yasiyo makali kama ya maziwa makubwa. Ukitaka kuoga, oga hapa. Kisha shuka Pontresina, ufike kama saa 6 mchana. Jumla ya kilomita hadi hapo ni kama 42.

Kwa betri ya 625 kioo kionyeshe karibu asilimia 60. Chaja ya kawaida ya ampea 4 huingiza takriban wati-saa 150 kwa saa moja, yaani kama robo ya betri, mradi usiwe umeshapita asilimia 80, maana kuanzia hapo kasi hupungua. Omba ruhusa kabla ya kuchomeka; migahawa mingi hukubali mteja anapokula. Futa vumbi na maji kwenye mdomo wa chaji kabla ya kuunganisha. Maji yenye matope pale huleta kutu kwenye pini, na kutu huleta joto.

Kupanda hadi kipitoni kunakula karibu asilimia 30, na kilomita 7 za mwisho kutoka Pontresina hadi St. Moritz zinakula 8. Kwa hiyo kanuni ya kuondoka ni hii: ukiwa na 45 au zaidi, panda. Chini ya hapo endelea kuchaji, au panda treni.

Treni ndiyo siri ya njia hii. Reli ya Bernina, iliyokamilika mwaka 1910 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, inapita sambamba na njia yako hadi juu kabisa. Vituo ni Surovas, Morteratsch, Bernina Suot, Bernina Diavolezza, Bernina Lagalb na Ospizio Bernina. Popote utakapoishiwa chaji, pumzi au hamu, kituo kiko karibu. Panda treni ya kawaida, si ile ya kitalii ya vioo vikubwa, na kata tiketi ya baiskeli mbali na yako. Kwenye vituo vidogo bonyeza kitufe ili treni isimame. Toa betri kabla ya kuinua baiskeli: kilo tatu au nne zinazotoka hapo ndizo zinazookoa mgongo. Ratiba huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 15.45 ni saa 9:45 alasiri yetu. Usijikosee wewe na treni ya mwisho.

Alasiri: Bernina

Sikiliza utabiri kabla ya kuondoka. Julai na Agosti ngurumo hupiga milimani alasiri, na juu ya Morteratsch hakuna mti wa kujificha, wala mti si mahali pa kujificha. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mmweko na ngurumo, geuka uende kituo cha karibu. Utabiri ukiwa mbaya tangu asubuhi, pindua siku: panda treni ya mapema hadi Ospizio Bernina, teremka kabla ya saa 5, kisha nenda Maloja ukijua utapigwa na upepo wa mbele. Ni bora kupigwa na upepo kuliko na radi.

Pontresina hadi Morteratsch ni kilomita 6 za barabara ya msituni, rahisi. Mara tu baada ya kituo cha Morteratsch, mita 1,896, njia inasimama wima: mwinuko wa mawe kandokando ya maporomoko ya maji. Hapa ndipo baiskeli ya umeme inapokosewa zaidi. Mtu huona mlima, hubonyeza Turbo, yaani kiwango cha juu kabisa, husimama kwenye pedali kama alivyozoea kwenye baiskeli ya kawaida. Uzito ukitoka kwenye tairi ya nyuma inazunguka bure. Akikaa nyuma sana, nguvu ya ghafla inanyanyua gurudumu la mbele. Fanya hivi:

1. Ingia gia nyepesi kabla ya mwinuko, ukiwa bado tambarare. Ukibadili gia huku mota inasukuma kwa nyutoni-mita 85, cheni hupanda meno kwa kishindo, na hivyo ndivyo cheni nyingi zinavyokatika. Ikibidi ubadili katikati, legeza mguu kwa nusu mzunguko kwanza.
2. Chagua kiwango kinachofuata nguvu ya mguu, eMTB kwa mota za Bosch, usitumie Turbo.
3. Kaa kwenye ncha ya mbele ya siti, shusha kifua kuelekea usukani, viwiko chini.
4. Zungusha pedali mara 70 hadi 90 kwa dakika. Mota hizi hupenda miguu ya haraka na myepesi. Chini ya 50 zinapata joto na kula betri.
5. Kwenye jiwe refu usizungushe mzunguko kamili, pedali itagonga. Kanyaga nusu, rudisha nyuma, kanyaga nusu tena. Mota huendelea kusukuma kwa sekunde ndogo baada ya mguu kusimama, na msukumo huo ndio unaokuvusha.

Ukisimama katikati ya mwinuko, usianze ukitazama juu. Geuza baiskeli mshazari, shika breki zote, weka Eco, pedali ya mbele iwe juu kidogo ya usawa, achia breki na kukanyaga kwa pamoja.

Simama kwenye kona ya Montebello. Reli inajipinda pale, na barafuto (mto wa barafu) la Morteratsch linaonekana chini ya Piz Bernina, mlima wa mita 4,049. Kuanzia Bernina Suot bonde linafunguka na mwinuko unalegea. Utapita malishoni: malango ya uzio wa umeme yashike kwa mpini wa plastiki, na uyafunge nyuma yako. Ng'ombe wenye ndama wazungukie kwa mbali hata kama umekulia zizini, hawa hawakujui.

Baada ya Lagalb yanakuja Lej Pitschen, jina lake likimaanisha ziwa dogo, kisha Lej Nair, ziwa jeusi, na hatua chache mbele yake Lago Bianco, ziwa jeupe. Weusi na weupe huo ni wa kweli. Lago Bianco hupokea maji ya barafuto la Cambrena yenye unga laini wa mawe, ndiyo maana ziwa lina rangi ya maziwa, na kwa Kiswahili mzaha huo hauhitaji tafsiri. Ukanda mwembamba wa ardhi kati ya mawili hayo unagawanya maji ya Ulaya. Ya Lej Nair huingia mto Inn, kisha Danube, hadi Bahari Nyeusi. Ya Lago Bianco hushuka Poschiavo, Adda na Po hadi Adriatiki. Lago Bianco limezuiwa kwa kuta mbili, moja kila mwisho, kwa ajili ya umeme wa maji. Fika hapo kama saa 9 alasiri, vaa kila ulichobeba, kunywa kitu cha moto Ospizio, usikae zaidi ya nusu saa. Jasho likipoa mwilini kwenye mita 2,250, mikono itakufa ganzi kwenye breki.

Kuteremka, na yanayoharibika

Baiskeli ya kilo 24 haisimami kama ya kilo 13. Usishike breki kidogo-kidogo muda wote; diski hupata joto, pedi hung'aa kama kioo, na lever inaanza kuzama bila kazi. Breki kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, zote mbili kwa pamoja, kisha achia kabisa ili diski zipoe. Kidole kimoja kwa kila lever, siti chini, pedali sambamba na ardhi. Ukisikia harufu ya kuungua, simama dakika tano. Usimwagie diski maji, itapinda. Mwinuko ule wa Morteratsch uliokutesa wakati wa kupanda ni mgumu zaidi kuteremka. Anayetilia shaka uwezo wake apande treni kutoka Bernina Suot hadi Morteratsch, na hakuna atakayemcheka.

Mota ikizimika ghafla, au kioo kikaonyesha msimbo 503 kwenye mifumo ya Bosch, usiilaumu betri. Mara nyingi jiwe limekigonga kile kisumaku cha kihisi cha mwendo. Kirudishe mkabala na kihisi kwenye fremu, kaza, zima na uwashe tena. Zipu ya plastiki inatosha kukifikisha nyumbani.

Pancha ya nyuma: laza baiskeli upande usio na cheni, usiipindue juu chini, utavunja kioo. Gurudumu la nyuma halina waya wowote kwa mota ya katikati, linatoka kama la baiskeli ya kawaida. Tundu dogo zibia kwa plagi bila kuvua tairi. Likizidi milimita 5 au 6, ingiza tyubu.

Cheni iliyokatika: toa kipande kilichoharibika, unga kwa kiungo cha haraka, na kuanzia hapo usitumie gia nzito kabisa pamoja na kiwango cha juu. Dereila, kile kibadilisha gia cha nyuma, ikigongwa na kuingia kwenye spoku, usiendelee kukanyaga hata mzunguko mmoja. Shuka, sukuma hadi kituoni.

Betri ikiisha kabisa, baiskeli bado inaendeshwa. Mota za kisasa hujitenga na pedali na hazikuvuti, ila taa zinahitaji akiba kidogo ya umeme, hivyo usiikaushe hadi sifuri ukiwa bado una msitu wa Staz mbele na jua linazama.

Ajali: namba ya dharura ni 112, gari la wagonjwa 144, na helikopta za uokoaji za Rega ni 1414. Taja kituo cha reli kilicho karibu nawe, ndiyo anwani nyepesi kuliko zote katika bonde hili.

Pontresina utafika kama saa 10:30, St. Moritz saa 11:15. Duka likifunga saa 12 una muda wa kuosha matope. Tumia ndoo na sponji, usitumie mashine ya maji ya shinikizo, kwa sababu hulazimisha maji kupita mihuri ya mota. Betri iliyotoka kwenye baridi iache ipate joto la chumba kabla ya kuichomeka. Chini ya nyuzi 0 haipaswi kuchajiwa kabisa.